Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Ujenzi Salama wa Tungo za Kuunganishia Hifadhidata katika Kazi Zinazojiendesha

Ikisiri

Kompyuta nyingi hufanya kazi usiku bila mtu wa kuzisimamia: hunakili data, hujumlisha takwimu na kutuma ripoti. Ili zifanye hivyo, sharti zifungue hifadhidata, na hifadhidata haifunguki pasipo tungo maalumu yenye anwani, jina na nywila. Makala haya yanaeleza jinsi tungo hiyo inavyoundwa, jinsi siri iliyomo inavyovuja, na njia za kuijenga bila kumwanika mtu ambaye habari zake zimehifadhiwa ndani. Mfano unaotumiwa ni wa zahanati ya kubuni katika eneo la Utange, Kisauni. Hoja kuu ni kwamba anwani na siri ni vitu viwili tofauti, na kwamba usalama hutegemea kuvitenganisha mpaka wakati ule vinapohitajika kutumika pamoja.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huijua siri hiyo kwa kuwa ndiyo inayoingia mtungini na kutoka na maji. Asiyeingia mtungini hana haja ya kujua kilichomo. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuhusu mambo ya nyumba na ya ndoa, lakini inabeba kanuni ambayo wataalamu wa TEHAMA wamekuwa wakiifundisha kwa miaka mingi: siri ipewe yule tu anayeihitaji kwa kazi yake, wala isipewe mwingine.

Utange ni eneo la Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa. Katika miaka ya 1990 palikuwa hapo na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia, wakiwamo Wabarawa ambao lugha yao, Chimiini, ni jamaa wa karibu wa lahaja za Kiswahili. Mkimbizi anajua vyema kwamba orodha ya majina yaweza kuwa riziki, na yaweza pia kuwa hatari. Jina likiwamo, mtu hupata chakula na hema. Jina likifika kwa asiyestahili, mtu hukosa amani.

Hebu msomaji achukue mfano wa zahanati ya kubuni iliyoko Utange leo. Ina chumba cha kupokea wagonjwa, chumba cha maabara, na kompyuta moja ambayo ndani yake mna hifadhidata ya wagonjwa. Mna majina, nambari za simu, tarehe za kliniki na matokeo ya vipimo, vikiwamo vipimo vya virusi vya UKIMWI. Kila siku, saa nane za usiku, programu ndogo huamka yenyewe, hufungua hifadhidata hiyo, huhesabu waliohudumiwa na kutuma jumla kwenye ofisi ya afya. Hakuna mtu aliye macho wakati huo. Je, programu hiyo hupata wapi ufunguo? Na ufunguo huo umewekwa wapi mchana, wakati watu wanapoingia na kutoka?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mnamo Februari 2015 ilitolewa amri ya serikali nchini Kenya kwamba zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na za walezi wao na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka Katiba, hasa kifungu cha 31 kinacholinda faragha na kifungu cha 53 kinacholinda maslahi ya mtoto. Mahakama ilitaka majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa namna isiyomhusisha mtu na hali yake ya afya. Uamuzi huo uliihusu amri iliyotolewa kwa makusudi. Lakini nywila iliyoachwa ovyo yaweza kufanya jambo lilelile bila mtu yeyote kuamuru.

2.0 Tungo ya kuunganishia ni nini?

Katika sarufi ya Kiswahili, tungo ni zao la kupanga vipashio vidogo kwa utaratibu maalumu ili kupata kipashio kikubwa zaidi. Mofimu huunda neno, neno huingia katika kirai, kirai katika kishazi, na kishazi katika sentensi. Ukibadili mpangilio, maana hubadilika au hupotea kabisa.

Kompyuta nayo ina tungo zake. Programu inapotaka kufungua hifadhidata (ambayo baadhi ya wataalamu huiita kanzidata), hutoa mstari mmoja wa maandishi uliopangwa kwa kanuni kali. Mstari huo ndio unaoitwa katika makala haya tungo ya kuunganishia. Mfano wake ni huu:

mysql://ripoti:NYWILA@10.0.0.5:3306/wagonjwa

Tungo hii ina vipashio sita. Cha kwanza, mysql, hutaja aina ya hifadhidata. Cha pili, ripoti, ni jina la mtumiaji. Cha tatu ni nywila yenyewe. Cha nne, 10.0.0.5, ni anwani ya kompyuta iliyo na hifadhidata. Cha tano, 3306, ni nambari ya lango ambalo MySQL husikilizia kwa kawaida. Cha sita, wagonjwa, ni jina la hifadhidata. Alama za nukta pacha, mkwaju na @ ndizo viunganishi. Hutenga kipashio kimoja na kingine kama vile kituo na mkato vinavyotenga sehemu za sentensi.

Ipo namna nyingine ya kuandika habari zilezile, ambapo kila kipashio hutajwa kwa jina lake na kutengwa kwa nukta mkato:

Server=10.0.0.5;Database=wagonjwa;Uid=ripoti;Pwd=NYWILA

Msomaji akizitazama tungo hizi mbili ataona jambo moja muhimu. Vipashio vitano kati ya sita si siri kubwa. Fundi akijua kwamba hifadhidata ipo katika anwani fulani, hajapata bado njia ya kuingia. Kipashio kimoja tu, nywila, ndicho kinachofungua mlango. Hata hivyo tungo huviunganisha vyote katika mstari mmoja, na mstari huo huzoeleka kunakiliwa, kutumwa na kubandikwa ukiwa mzima. Hapo ndipo hatari inapoanzia: kilicho siri hufuatana na kisicho siri popote kinapokwenda.

Mifumo inayotumika katika afya hapa Afrika Mashariki inadhihirisha hali hii. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza Eldoret mwaka 2006, huandika habari za kuunganishia katika faili iitwayo openmrs-runtime.properties. Ndani yake mna mstari wa anwani, mstari wa jina na mstari wa nywila. KenyaEMR, unaotumiwa katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, umejengwa juu ya OpenMRS. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Kenya nzima mwaka 2011, una faili yake iitwayo dhis.conf, nayo ina mistari ya namna hiyohiyo. Katika mifumo yote miwili anwani na nywila zimekwisha kutenganishwa katika mistari tofauti. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, nywila huandikwa wazi, na kwa sababu hiyo faili yenyewe hugeuka kuwa ufunguo. Ndiyo maana maelekezo ya DHIS2 humtaka msimamizi aizuie faili hiyo isisomwe na akaunti nyingine yoyote ila ile inayoendesha mfumo.

3.0 Njia ambazo siri huvujia

3.1 Nywila iliyoandikwa ndani ya msimbo

Kosa la kwanza, na lililo la kawaida mno, ni kuandika tungo nzima ndani ya programu. Fundi akiwa na haraka huona ni rahisi: programu hufanya kazi papo hapo. Lakini msimbo wa programu hunakiliwa, hutumiwa wenzake kwa barua pepe, na huhifadhiwa katika hazina za mtandaoni. Popote msimbo unapokwenda, nywila imo.

Kampuni ya Toyota ilitangaza mwaka 2022 kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa wazi katika GitHub tangu Desemba 2017, ikiwa na ufunguo wa kuingilia seva ya data ndani yake. Kwa karibu miaka mitano, anwani za barua pepe za wateja 296,019 zilikuwa katika hatari. Nayo Uber ilipata hasara mwaka 2016 pale wadukuzi walipoingia katika hazina ya msimbo iliyokuwa ya faragha, wakakuta humo ufunguo wa hifadhi ya data, wakapata habari za watu milioni 57. Kisa hiki cha pili kina funzo la ziada. Hazina ya msimbo kuwa ya faragha hakuifanyi kuwa sanduku la kuhifadhia siri.

Fundi mwingine, akigundua kosa lake, huifuta nywila katika faili na kudhani mambo yamekwisha. La hasha. Mifumo ya kutunza matoleo ya msimbo huhifadhi kila toleo lililotangulia, na yeyote mwenye nakala anaweza kurudi nyuma na kulisoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ya nywila iliyovuja ni kuibadilisha kwanza. Kufuta maandishi ni jambo la baadaye.

3.2 Mstari wa amri na daftari la matukio

Njia ya pili ni ya mstari wa amri. Katika kazi zinazojiendesha ni kawaida kukuta amri kama hii, ambayo hunakili hifadhidata nzima kila usiku:

mysqldump -u root -pNdimu2020 wagonjwa

Amri hii ina makosa mawili. Mosi, nywila iliyoandikwa katika amri huweza kuonekana, japo kwa muda mfupi, na watumiaji wengine wa kompyuta hiyo wanaoorodhesha programu zinazoendeshwa. Mtu akiiandika kwa mkono, hubaki pia katika historia ya amri. Watengenezaji wa MySQL wenyewe wameweka onyo linalotokea kila mara nywila inapopitishwa hivyo. Pili, jina root ni la mtumiaji mwenye mamlaka yote: anaweza kusoma, kubadili na kufuta kila kitu. Kazi ya kuhesabu wagonjwa haihitaji mamlaka ya kuwafuta.

Aidha, kazi zinazojiendesha huandika daftari la matukio ili fundi ajue asubuhi kilichotendeka usiku. Muunganisho ukishindikana, baadhi ya programu huandika humo tungo nzima pamoja na nywila ili kuonyesha kilichoshindikana. Daftari hilo hutumwa kwa fundi, hunakiliwa katika malalamiko, na hatimaye husomwa na watu ambao hawakukusudiwa.

3.3 Vigeu vya mazingira

Ili kuepuka makosa hayo, mafundi wengi wameingia katika desturi ya kuweka nywila katika vigeu vya mazingira, yaani majina ambayo mfumo wa uendeshaji huipa programu inapoanza. Njia hii ni bora kuliko kuandika nywila ndani ya msimbo, kwa kuwa msimbo unaweza kusambazwa bila siri. Lakini haitoshi. Kigeu cha mazingira hurithiwa na kila programu ndogo inayozaliwa na programu kuu, hata ile isiyohitaji siri hiyo.

Tukio la Codecov la mwaka 2021 ni ushahidi. Codecov ilikuwa na programu ndogo ambayo kampuni nyingi ziliitumia ndani ya kazi zao zinazojiendesha ili kupima ubora wa majaribio ya msimbo. Kuanzia mwisho wa Januari 2021 wadukuzi waliibadili programu hiyo kwa siri, ikawa inakusanya vigeu vyote vya mazingira na kuvituma kwao. Hali hiyo iligunduliwa Aprili 1 mwaka huohuo, baada ya takribani miezi miwili. Walioathiriwa hawakuwa wameandika nywila ndani ya msimbo. Walifuata desturi iliyosifiwa. Kilichowaponza ni kwamba siri ilikuwa imetandazwa mbele ya kila chombo kilichopita, kikiwamo chombo walichokiamini. Kikulacho ki nguoni mwako.

3.4 Tungo tata na vipashio vya kupenyeza

Njia ya nne inahusu ujenzi wenyewe wa tungo, nayo itawavutia zaidi wanafunzi wa isimu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu sentensi "Mama amempigia mtoto mpira" na maana zake kadhaa. Utata huo hutokana na umbo moja kubeba uhusiano zaidi ya mmoja. Tungo za kuunganishia nazo huweza kuwa tata. Chukua nywila Ndimu@2020 na kuiweka katika tungo:

mysql://ripoti:Ndimu@2020@10.0.0.5:3306/wagonjwa

Sasa pana alama mbili za @. Je, nywila ni Ndimu, na anwani inaanzia 2020? Ama nywila ni Ndimu@2020? Programu moja husoma hivi, nyingine vile. Muunganisho hukataa, na kipande cha nywila huweza kuandikwa katika daftari la matukio kana kwamba ni anwani. Kanuni ya kuondoa utata huu ni kuiandika alama hiyo kwa msimbo wake, %40, kabla ya kuiingiza katika tungo. Vivyo hivyo mkwaju huandikwa %2F na nukta pacha %3A.

Utata mbaya zaidi ni ule unaoletwa kwa makusudi. Ikiwa programu hujenga tungo kwa kuunganisha vipande vya maandishi, na kipande kimoja kimetoka kwa mtu wa nje, mtu huyo anaweza kupenyeza kishazi kizima. Tuseme fomu inauliza jina la hifadhidata, naye anajibu:

wagonjwa;Server=seva.ya.mwizi

Katika maktaba kadhaa za programu, kipashio kikitajwa mara mbili, kile cha mwisho ndicho kinachoshika. Programu huacha seva ya zahanati, hubisha hodi kwa mwizi, na kumpa nafasi ya kunasa habari za utambulisho. Mwaka 2010 watafiti wa Uhispania, akiwamo Chema Alonso, walieleza mbinu za aina hii hadharani. Tangu hapo hakuna fundi awezaye kusema kwamba hakuonywa.

4.0 Kanuni za ujenzi salama

Kutokana na njia hizo za uvujaji, kanuni sita zinajitokeza.

Kwanza, siri na anwani zitenganishwe. Anwani, lango na jina la hifadhidata vinaweza kukaa katika faili ya kawaida inayosambazwa pamoja na msimbo. Nywila ikae mahali pengine, na viungane ndani ya kumbukumbu ya kompyuta pale tu muunganisho unapofunguliwa. Tungo kamili isiandikwe kamwe katika diski wala katika daftari.

Pili, tungo isijengwe kwa kugandisha maandishi. Lugha nyingi za programu zina vifaa maalumu vya kuijenga, ambavyo hupokea kila kipashio peke yake na kuweka alama za kinga panapohitajika. Na iwapo maktaba inakubali kupokea vipashio kimoja kimoja, basi ni heri zaidi kutoijenga tungo kabisa. Anayetoka nje asipewe nafasi ya kuandika kipashio chochote. Achague katika orodha iliyokwisha kuidhinishwa.

Tatu, faili yenye siri isomwe na akaunti moja tu. Katika mifumo ya Linux hili hufanywa kwa ruhusa ya 600, ambayo humruhusu mwenye faili kusoma na kuandika na kumzuia kila mwingine. PostgreSQL imelitilia mkazo jambo hili: katika Linux, ikiona kwamba faili yake ya nywila iitwayo .pgpass inasomeka na wengine, hukataa kuitumia.

Nne, kila kazi iwe na jina lake na mamlaka yasiyozidi haja yake. Kazi ya kuhesabu ipewe ruhusa ya kusoma peke yake, tena isome jumla na si majina. Hivyo hata nywila ikivuja, mwizi hupata hesabu na hapati watu.

Tano, safari ya siri ilindwe. MySQL na PostgreSQL kwa kawaida hujaribu kusimba mawasiliano, lakini upande wa pili ukikataa, huendelea bila usimbaji, na wala hazikagui kama seva iliyojibu ndiyo iliyokusudiwa. Fundi hana budi kudai ukaguzi huo waziwazi: katika PostgreSQL kwa kuandika sslmode=verify-full, na katika MySQL kwa kuchagua hali ya VERIFY_IDENTITY.

Sita, siri iwe na umri mfupi. Vipo vyombo, kama Vault ya HashiCorp, ambavyo huunda jina na nywila mpya kazi inapoanza na kuvifuta muda wake unapokwisha. Katika huduma ya Amazon RDS inawezekana kutumia tokeni inayodumu dakika 15 badala ya nywila ya kudumu. Siri iliyokufa jana haina faida kwa aliyeiiba leo.

Hapa pana tahadhari moja ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Huduma za kuendesha kazi kiotomatiki, mathalani GitHub Actions, hufunika siri kwa nyota zinapotokea katika daftari. Lakini hufunika maandishi zinayoyajua tu. Nywila Ndimu@2020 ikigeuzwa kuwa Ndimu%402020 ili iingie katika tungo, hilo ni umbo jipya ambalo huduma huenda isilitambue, nayo huliacha wazi. Kanuni ya kuondoa utata huleta upenyo mwingine, na umbo hilo jipya nalo sharti litangazwe kuwa siri.

5.0 Kurudi Utange

Zahanati ya mfano itendeje basi? Haina idara ya TEHAMA wala fedha za kununua vyombo vya gharama. Ina kompyuta moja na fundi anayepita mara moja kwa mwezi.

Jibu ni jepesi kuliko inavyodhaniwa. Hifadhidata na programu ya ripoti zimo katika kompyuta ileile. Katika hali hiyo hapana haja ya nywila hata kidogo. MySQL ina njia iitwayo auth_socket, MariaDB ina unix_socket, na PostgreSQL ina njia iitwayo peer. Zote tatu hufanya jambo moja: hifadhidata huuliza mfumo wa uendeshaji ni akaunti gani inayobisha hodi, na jina likilingana, hufungua. Fundi huunda akaunti ya ripoti katika kompyuta, huunda mtumiaji wa jina hilohilo katika hifadhidata, humpa ruhusa ya kusoma jedwali la jumla pekee, kisha huipangia kazi hiyo saa nane za usiku chini ya akaunti hiyo. Tungo inayobaki haina kipashio cha siri. Ikibandikwa ukutani, haimfai mwizi kitu, maana haifunguki ila ndani ya kompyuta ile na kwa akaunti ile.

Siri hubaki katika hatua moja tu, yaani ya kutuma jumla kwenye seva ya mbali. Hiyo huwekwa katika faili yenye ruhusa ya 600, inayomilikiwa na akaunti ya ripoti, na hubadilishwa kila fundi anapoacha kazi. Nakala ya akiba ya kila usiku nayo husimbwa kabla ya kutoka nje ya kompyuta, kwa sababu nakala isiyosimbwa ni hifadhidata nzima isiyo na mlango.

Sheria inadai uangalifu wa namna hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Inamtaka mwenye kuzihifadhi ajenge ulinzi tangu hatua ya usanifu, na aitaarifu ofisi ya Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba habari zimefikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli kwa mhusika. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo.

Lakini faini hulipwa na taasisi. Aibu hulipwa na mtu. Mama aliyepima akiwa mjamzito, anayemeza dawa zake kimya kimya, na ambaye mtoto wake amezaliwa mzima, hana habari ya lango 3306 wala faili ya ruhusa ya 600. Anachojua ni kwamba alimwambia muuguzi mmoja, ndani ya chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa. Jirani yake akijua, hapana mahakama iwezayo kumfanya jirani asijue tena.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tungo ya kuunganishia hujengwa kwa vipashio kama tungo nyingine yoyote, na kwamba udhaifu wake mkubwa ni kuchanganya kipashio cha siri na visivyo vya siri. Nywila huvuja kupitia msimbo, mstari wa amri, daftari la matukio, vigeu vya mazingira na tungo iliyojengwa kwa kugandisha maandishi. Kinga yake ni kutenganisha, kupunguza mamlaka, kufupisha umri wa siri, na panapowezekana, kuiondoa siri kabisa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika jambo hili. Mafundi wanaofunga mitambo katika zahanati, shule na vyama vya ushirika vya Pwani huelekezana kwa Kiswahili, ilhali maelekezo ya usalama huandikwa kwa Kiingereza. Anayefahamu tungo, utata na vipashio amekwisha kufika nusu ya njia ya kuyaeleza mambo haya kwa lugha inayoeleweka. Nusu iliyobaki ni kukaa na fundi mbele ya kompyuta na kumuuliza swali moja: kata ya mtungi huu ni nani, na je, ni wangapi wengine waliopewa kuishika?